Pweza wa Mikono Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezaliwa upya. Mimi ni pweza.

Maelezo kwa vizazi vitakavyoisoma shajara hii: lipo kundi la simu la wachoraji wa ridhaa wa mji huu. Sheria yao ni moja. Hakuna jina la mtu. Kila mwanachama huchagua mnyama, hujichora akiwa mnyama huyo, hujitambulisha kwa mnyama huyo, na tangu hapo ndivyo anavyoitwa hadi anaingia kaburini. Jumamosi ya tarehe 15 wana maonyesho katika ukumbi wa maktaba. Maonyesho! Ukutani! Na watu wanaopita wakitazama! Miaka kumi na tisa nimechora nyuma ya fomu za ofisini na hakuna aliyewahi kutazama. Mke wangu simhesabu. Yeye hutazama ili ajue kama nimechora nyuma ya ratiba yake ya zamu.

Nilitaka simba. Wapo wanne. Chui wapo wawili na hawasemeshani. Tai amechukuliwa na muuza maua. Waliobaki nchi kavu ni fisi, konokono na panya buku, nikaona heri nihamie baharini.

Pweza! Mikono minane, mioyo mitatu, hugeuka rangi apendavyo, akiudhiwa humwaga wino. Ni mimi mtupu. Nilipomweleza mke wangu, ambaye ni muuguzi na maungo ya watu hayamshangazi, aliuliza kama pweza huosha vyombo, maana kwa mikono minane kisingizio hakitakuwepo tena. Nilimwaga wino moyoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora. Kazi bora ya maisha yangu, bila kutia chumvi. Pweza amevaa tai ya ofisini, macho yamelegea kwa hekima, kila mkono umeshika kalamu.

Kuna jambo dogo. Sisi wa masijala karatasi zetu za kuchorea ni fomu zilizopitwa na wakati, nyuma zikiwa wazi. Hii ya leo ilikuwa na muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye kona ya chini, na wino wake ulikuwa umepenya upande wa pili. Nilizunguka kichwa nikichora mkono baada ya mkono, nikafika kwenye ile kona, nikagongana na muhuri. Sasa, mtu akishafanya kazi masijala miaka kumi na tisa, kuna kitu mkono wake hauwezi kufanya hata akitishiwa kwa panga: kuandika juu ya muhuri. Nikauruka. Mikono ikawa saba. Nani huhesabu mikono ya pweza?

Niliegemeza simu kwenye rafu ya majalada, nikaitega ijipige yenyewe, nikashika mchoro vizuri mbele yake. Picha ilipotoka niliikata pale chini muhuri usionekane. Nikaituma kundini na maneno haya: “Habarini, wanyama wenzangu. Mimi ni Pweza, mchoraji wa ridhaa. Nina mioyo mitatu na yote inadunda kwa sanaa. Naomba mnipokee.”

Muuza maua alinikaribisha. Simba watatu kati ya wanne walinikaribisha. Halafu akaja katibu wa kundi, Bundi, mwalimu wa biolojia. Aliandika kwamba amehesabu mara mbili na amepata mikono saba.

Bundi anahesabu.

Jumatano, 5 Machi

Nilikosa usingizi kwa ajili ya yule ndege wa mikosi. Nimeutazama mchoro wake wa kujitambulisha. Ni mto wa kochi uliotiwa macho. Lakini mto huo ndio uliokuwa umepangiwa kutundikwa mlangoni siku ya maonyesho, mahali ambapo kila anayeingia hana budi kuuona. Kijiba cha roho kimenikaa hapa, chini ya kifua, sikatai.

Mtu muungwana angeandika kwamba amekosea. Niliandika: “Wa nane niliupoteza.”

Basi. Maneno matatu. Kundini kila mtu huongea kama mnyama wake, kwa hiyo kilichopoteza mkono ni kiumbe cha kwenye karatasi, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa hivyo. Hakuna aliyeelewa hivyo. Muuza maua alituma nyuso tano zinazolia. Simba wa tatu akasema sanaa ya kweli hutoka kwenye kidonda. Na Bundi, Bundi mwenyewe, akaomba radhi mbele ya kundi zima! Aliandika kwamba ameona haya, kwamba hakujua, kwamba anaondoa maneno yake.

Niliisoma ile radhi mara kumi na moja. Ilikuwa tamu kuliko mshahara.

Mchana ukaja ujumbe wa faragha kutoka kwa mwanachama aitwaye Kaa. Alijitambulisha kwamba ni seremala mstaafu, msumeno wa mashine ulimkata mkono wa kushoto miaka mingi iliyopita, akajifunza kuchora upya kwa huu uliobaki. Aliniuliza kwa upole sana, wangu ni upi.

Nilikaa na simu dakika ishirini. Kusema ukweli kungekuwa ni kuirudisha radhi ya Bundi. Nilijaribu kuandika ukweli, Mungu ni shahidi, nikafika hadi “Mzee wangu”. Kisha nikamalizia: “wa kushoto, kama wewe.”

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Kamati imekaa. Pweza atatundikwa mlangoni. Bundi amehamishiwa karibu na choo.

Mzee Kaa ananiandikia kila siku asubuhi. Haulizi habari za ajali. Anauliza habari za mchoro: kwa nini mkono wa tatu umepinda vile, kwa nini kivuli kimeanguka upande huu. Ameukuza mchoro kwenye simu yake akautazama kipande kwa kipande. Hakuna binadamu aliyewahi kunitazamia mchoro namna hiyo, na nilifurahi hadi nikapotea njia ya kurudi masijala kutoka jiko la ofisi. Kisha nikakumbuka anadhani anaongea na nani. Nikajitia hamnazo.

Jioni, Bundi kanitumia ujumbe. Kumbe radhi yake ina tarehe ya kuisha. Anasema aliitazama tena picha ya mchoro wangu na ameona vidole gumba viwili, kimoja kulia kwa karatasi, kimoja kushoto. Anauliza tu, kwa faida ya elimu.

Nilimjibu papo hapo kwamba cha kushoto ni cha mke wangu, aliyenisaidia kushika. Bundi akajibu kwamba mke wangu ana kidole chenye nywele nyingi.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia mke wangu kama kichekesho. Hakucheka. Alitaka kujua kidole chake kimeingiaje kwenye mambo ya pweza, na ni mwanamke gani huyo anayemtukania kidole bila kukiona. Nikalazimika kumweleza yote, kuanzia muhuri. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba wodini kwake wapo watu wangelia kwa furaha kupata mkono ninaoukana, akaenda kulala. Wanawake hawaelewi sanaa.

Jumatatu, 10 Machi

Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Nimeanza mazoezi ya kuishi kwa mkono mmoja.

Ripoti ya asubuhi. Kufunga vifungo vya shati: dakika kumi na nne, kimoja kimeng'oka. Kupaka dawa ya meno mswakini: nimepaka sinki. Kamba za viatu: nimevaa ndala hadi ofisini.

Masijala hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilivuta jalada la rafu ya juu kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikiwa nimeuficha mfukoni. Jalada lilikuja na ndugu zake. Likaja na rafu. Herufi M hadi R ziko sakafuni. Mkuu wa Masijala alikuja, akasimama kwenye herufi P, akauliza mkono wa pili uko likizo ya aina gani, maana hajaiona fomu yake. Nilisema najizoeza. Akauliza najizoeza kwa ajili ya nini. Nikasema dharura. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Ninachokiandika sasa sikukitarajia. Saa nzima nilipanga majalada kwa mkono mmoja, nikitoa jasho, nikiuma meno, nikamfikiria yule mzee. Miaka mingi. Vifungo, kamba, mswaki, kila asubuhi, na hakuna siku anayochomoa mkono mfukoni na kusema mchezo umekwisha. Nilihisi vibaya. Nilihisi vibaya kwa muda wa nusu saa hivi, hadi Mkuu alipoleta chai.

Alhamisi, 13 Machi

Bundi anachimba. Leo ametangaza kundini kwamba Jumamosi wanachama wote wafike wenyewe wasimame kando ya michoro yao. Anajua afanyalo.

Mzee Kaa ameandika kwamba ana kitu anachonitengenezea tangu wiki iliyopita na atanikabidhi mkono kwa mkono. Nilimwandikia asisumbuke. Akajibu kwamba seremala asiyesumbuka ni marehemu.

Nilimwomba mke wangu anifunge mkono kifuani kwa bandeji, kitaalamu, kama wafanyavyo hospitalini. Hii ni kazi yake! Hataki. Anasema amekula kiapo cha kutibu wagonjwa na mimi ugonjwa wangu hauko mkononi. Akaongeza kwamba mdomo huponza kichwa, lakini wangu umevuka kichwa umefika hadi begani. Nikamwambia sihitaji msaada wa mtu. Ninao mkanda wa suruali, ninao utepe mpana wa kufungia maboksi, na ninalo koti la harusi yetu.

Koti linabana. Kwa sanaa, mtu hubanwa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Nitajitahidi kwenda kwa mpangilio.

Saa nne nilifika ukumbini. Mkono wa kushoto umefungwa tumboni kwa mkanda na utepe, koti juu yake, mkono wa koti mtupu umebanwa kwa pini. Jua kali, ukumbi umejaa, na mimi nimevaa koti la sufi. Nilitiririka kama mfereji. Muuza maua alinitazama akasema naonekana nimepitia mengi.

Lakini pale mlangoni! Mchoro wangu, ndani ya fremu! Chini yake karatasi iliyoandikwa: “Pweza, mchoraji wa ridhaa.” Watu walisimama. Mama mmoja na binti yake walisimama kwa dakika nzima. Binti alihesabu mikono, akanitazama mimi, akanyamaza kwa adabu. Ndiyo, muhuri wa IMEPOKELEWA ulionekana kwenye kona, na bwana mmoja akasema ni ishara ya jinsi jamii inavyowapokea waliojeruhiwa. Nikaitikia kwa kichwa. Kusema la haki, hiyo ndiyo dakika niliyokuwa nikiitafuta miaka kumi na tisa.

Bundi alisimama hatua mbili kutoka kwangu, miwani puani, akilitazama tumbo langu. Alisema nimenenepa upande mmoja.

Ndipo akaja Mzee Kaa. Mfupi, shati jeupe lililopigwa pasi, mkono wa kushoto umeishia kwenye kiwiko na mkono wa shati umekunjwa nadhifu juu yake. Kwapani alibeba kitu kikubwa ndani ya gazeti. Aliniita mwanangu. Akafungua gazeti kwa meno na kidole, haraka kuliko ninavyofungua mimi kwa mikono yote.

Ni ubao wa kuchorea. Mbao nzito, umepigwa msasa hadi unang'aa, na pembeni una kibano cha mti: ukikisukuma kwa goti kinafunguka, unaingiza karatasi, ukiachia kinabana. Hutahitaji mkono wa pili wa kushikilia. Alisema alijitengenezea wake baada ya ajali na haujawahi kumwangusha, na kwamba aliposoma maneno yangu matatu kundini alikwenda moja kwa moja kutafuta mbao. Alisema mtu wa kwanza aliyemtazama baada ya ajali bila kumwonea huruma alikuwa mchoro wake mwenyewe. Watu walianza kupangusa macho. Hata mimi. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa.

Akaniwekea ubao mkononi.

Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na jasho. Ukateleza. Niliuona ukienda chini, kona mbele, kuelekea sakafu ya saruji, kazi ya siku tisa ya mzee yule, na sikufikiri. Naapa sikufikiri! Mkanda ulifyatuka. Utepe ukachanika kwa kishindo. Vifungo vitatu vya koti viliruka na kimoja kikagonga miwani ya Bundi. Na mkono wangu wa kushoto, mzima, mnene, wenye saa, ukatoka katikati ya koti ukaudaka ubao kwa ustadi mkubwa.

Bundi, miwani imepinda, akahesabu kwa sauti. Moja. Mbili.

Nilijaribu kusema ni muujiza. Muuza maua alikaribia kuamini.

Mzee Kaa aliutazama mkono wangu muda mrefu, kama alivyozoea kutazama michoro. Kisha akasema kwa upole kwamba amewahi kusikia kuwa pweza akikatika mkono huota mwingine, ila hakujua kwamba huota na saa. Hakuna aliyecheka. Nilimnyooshea ubao wake. Akaukataa. Alisema nibaki nao, kwa sababu mtu mwenye mikono miwili anayechora vile anahitaji msaada kuliko yeye.

Jumapili, 16 Machi

Nimeondolewa kundini. Mto wa kochi umerudi mlangoni, nimeambiwa.

Mke wangu alinipaka mafuta mahali utepe uliponing'oa vinyweleo vya tumbo, akafanya kazi hiyo taratibu zaidi kuliko ilivyohitajika. Nikapiga kelele. Akauliza ni mkono upi unauma.

Nimeona haya. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna asomaye. Si haya ya Bundi, yule simjali. Ni ya mzee. Nimemwandikia barua tatu za kuomba radhi. Ya kwanza fupi mno. Ya tatu ndefu mno. Ya pili imetoka nzuri sana, yenye ufasaha wa ajabu, hivi kwamba nimeamua kubaki nayo mwenyewe.

Mchana akanitangulia yeye. Ujumbe wa mstari mmoja: nimalizie mkono wa nane, juu ya muhuri, nimpelekee kwenye karakana yake nyuma ya kituo cha mabasi, yatakwisha. Basi. Hataki maelezo, hataki machozi. Mkono mmoja tu wa wino, na mtu pekee aliyewahi kutazama mchoro wangu ataendelea kuutazama.

Nilitoa mchoro wa pweza, ambao wamenirudishia. Nikaubana ubaoni kwa goti. Unafanya kazi vizuri ajabu! Nikashika kalamu, nikaiweka juu ya IMEPOKELEWA. Nikakaa hivyo hadi chai ikapoa. Haiwezekani. Muhuri ni muhuri.

Jumanne, 18 Machi

Siku mbili za kujitafakari bila huruma. Nimeyapitia makosa yangu yote moja baada ya jingine na nimelipata chanzo. Chanzo kilikuwa pweza.

Mji wa jirani nao una kundi la wachoraji wanyama. Ngisi hajachukuliwa! Ngisi ana mikono kumi. Nimeihesabu mara tatu nikiichora, nikaichora kwenye karatasi safi ya kununua, isiyo na muhuri. Kumi. Mtu hujifunza kutokana na makosa yake. Picha nimepiga bila kidole hata kimoja kuonekana. Mchoro huu ndio bora kuliko yote niliyowahi kufanya, na ubao una mchango wake, siwezi kuwa mkono wa birika wa shukrani. Kwa Mzee Kaa nitakwenda wiki ijayo. Au ile inayofuata.

Nilijitambulisha asubuhi hii: “Habarini, wanyama wenzangu. Mimi ni Ngisi, mchoraji wa ridhaa. Sina maneno. Nina wino tu.” Maneno ya kishairi, hayana madhara kwa mtu.

Saa sita wamekwisha kunipokea kwa nderemo. Saa saba mwanachama mmoja wa kike, Kobe, ameniandikia faragha kwa upole sana. Anauliza kama ni kweli mimi ni mtu asiyesema. Anasema mdogo wake naye hasemi tangu kuzaliwa, na amekuwa akitafuta mchoraji mwenzake wa kuzungumza naye.

Nilikaa na simu dakika ishirini. Nikafika hadi “Dada yangu”. Lakini alikuwa ametuma ua. Na katibu wao tayari ameniwekea nafasi mlangoni.

Mkutano ni Jumamosi. Nimemwambia mke wangu kwamba kuanzia kesho najizoeza kunyamaza kutwa nzima. Ameacha kukunja nguo, akanikumbatia, akasema kwa mara ya kwanza tangu tuoane anaunga mkono sanaa yangu.

Kobe anasema atakuja na mdogo wake ili tuzungumze kwa lugha ya alama. Nimekubali. Lugha ya alama itanishinda nini? Mikono ninayo yote miwili.